Toni Moja na Nusu

Machi 3

Mvua imeanza leo na ziara imeanza leo. Meneja anasema ni bahati njema. Meneja akiungua kidole atasema ni bahati njema kwa sababu si mkono.

Naandikia juu ya kasha la magitaa, nyuma ya jukwaa. Tuna miji kumi na minne, yote ndani ya kumbi kwa sababu ya mvua, kisha onyesho la mwisho uwanjani, Jumamosi ya Mei 22. Hilo litarekodiwa liwe albamu ya sita ya kaka yangu. Watu wanamwita Radi. Mimi namwita Kaka, na nikikasirika namwita kwa jina alilopewa na baba. Kazi yangu ni nyuzi za magitaa: nakaza, nalegeza, nabadilisha, nafuta jasho lake kwenye mbao. Miaka kumi na tisa sasa, tangu tulipokuwa tukifanya mazoezi kwenye karakana ya baba ya kushonea makochi. Onyesho letu la kwanza lilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, na Mama peke yake alipiga makofi ya watu watano.

Leo walikuwa elfu tatu. Mwisho wakataka "Mlango wa Chuma", na ndani yake lile yowe. Anayemjua Radi analijua yowe: anapanda juu kabisa, pale sauti za wengine zinapoishia, anashikilia, na ukumbi mzima unanyoosha vidole na kuhesabu kwa pamoja. Kwenye rekodi inafika kumi na tano. Leo wamehesabu kumi na mbili, akaachia. Walishangilia vilevile.

Machi 6

Kumi na moja. Mvua.

Machi 9

Kumi. Kaka anasema ni vumbi la mapazia. Mapazia ya ukumbi huu ni mapya, nimeyanusa mwenyewe.

Machi 12

Nane. Na ile ya nane haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo. Nyundo, mpiga ngoma wetu, aliusikia, akazipiga ngoma kwa nguvu zote kuuficha. Nyundo hajasoma muziki popote, lakini ana akili ya haraka akiona mwenzake anaanguka.

Baadaye nilimkuta Kaka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, taulo kichwani, ametulia mno. Nikamwambia mji unaofuata una daktari wa koo, namfahamu mtu aliyetibiwa kwake. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema, "Haya. Jumatano."

"Jumatano kweli?"

"Nimesema Jumatano, mdogo wangu. Usimwambie Mama."

Nikampigia daktari kabla hajabadilisha mawazo. Jumatano, tarehe 17, saa nne asubuhi.

Machi 13

Meneja ametuita mimi na Mwalimu kwenye mkahawa wa hoteli. Mwalimu anapiga kinanda. Zamani alifundisha kwaya ya shule, ndiyo maana hata leo akikutazama unahisi umechelewa darasani. Meneja alifunga daftari lake, jambo ambalo halifanyi hata akila.

"Kesho ukumbi umejaa," alisema. "Waandishi wa habari watakuwepo. Akipasukiwa na sauti kesho, ziara imekufa, na yeye mwenyewe amekufa kabla ya ziara. Mnamjua. Akishaogopa, hatapanda tena."

Mwalimu akasema polepole, kama anayeuliza ruhusa, kwamba kuna njia. Kinanda chake kina kitufe: ukikibonyeza, wimbo wote unashuka nusu toni, hatua ndogo kabisa ya sauti, na vidole havibadilishi kitu. Mimi nikilegeza magitaa na besi kwa kiasi hichohicho, bendi nzima itakuwa imeshuka pamoja. Msikilizaji hatajua, maana hana rekodi sikioni. Na Radi hatajua, maana yeye hupanda kwa kufuata gitaa lake. Atajikuta tu yowe limekuwa jepesi.

"Tumwambie," nilisema.

"Ukimwambia, atakasirika na atakwambia ukaze," alisema Meneja. "Ni kesho tu. Jumatano anakwenda kwa daktari. Tunampa pumzi ya siku nne, basi."

Namjua kaka yangu kuliko wote wawili. Angekasirika, tena sana. Nikasema sawa.

Machi 14

Nimelegeza magitaa matano na besi moja. Mpiga besi hakugundua. Yule hata ukimpa kamba ya kuanikia nguo ataipiga.

Kumi na tatu. Watu walikuwa wazimu. Kaka alishuka jukwaani akaninyanyua juu kama tulivyokuwa watoto, akasema sauti imerudi, imerudi yenyewe. Mwalimu alikuwa anakunja nyaya kwa makini ya ajabu. Meneja alilia machozi ya kweli.

Nilifurahi. Sitaandika uongo humu. Nilifurahi mpaka nikasahau nilichofanya.

Machi 17

Hakwenda kwa daktari. Nilimgongea saa tatu na nusu nikamkuta anapiga pasi shati huku anaimba. "Niende nikamwambie nini? Kwamba ninaumwa na uzima?"

Nikasema daktari anasubiri. Akasema wapo wagonjwa wa kweli wanaohitaji hiyo nafasi. Mdomo ulikuwa wazi na neno lilikuwa ulimini. Nikalimeza.

Machi 21

Kumi na mbili.

Machi 27

Kumi na moja. Barabara imekatwa na maji, tumefika ukumbini dakika ishirini kabla ya kuanza. Nilipima nyuzi nikiwa nimelowa hadi soksi.

Aprili 2

Tisa.

Aprili 3

Safari hii Meneja hakutuita mkahawani. Alipita tu karibu na kasha langu akasema, "Unajua la kufanya," akaendelea na simu yake.

Toni nzima sasa. Nyuzi zikilegea kiasi hicho zinapwaya, na Kaka ana vidole, si vijiti, angehisi. Kwa hiyo nimemwekea nyuzi nene. Aliponiuliza nikasema muuzaji ameleta nene kimakosa. Akasema, "Nzuri, zina uzito wa kiume." Mwalimu alikohoa.

Uongo wa kwanza ulikuwa wa kunyamaza. Huu nimeutamka.

Aprili 9

Kumi na nne!

Aprili 11

Mwandishi wa gazeti alikuja hotelini. Alimuuliza Kaka imekuwaje, akiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya albamu tano, sauti yake inazidi kuwa changa wakati wenzake wa rika lake wameishia kwenye matangazo ya rangi za nyumba. Kaka akakunja nne, akasema ni nidhamu. Halali ovyo, hanywi baridi, anaheshimu kipaji. "Sauti ni kama mke," alisema, na yeye aliachwa na mke miaka sita iliyopita.

Mimi nilikuwa pembeni nakata ncha za nyuzi. Tumemvika kilemba cha ukoka, na tazama anavyotembea nacho mbele za watu. Niliona aibu kwa niaba yake, halafu nikaona aibu yangu mwenyewe.

Aprili 18

Mama kapiga simu. "Kwa nini kaka yako siku hizi anaongea kama marehemu baba yake?"

"Amechoka, Mama."

"Uchovu haushushi sauti ya mtu. Uchovu unainyamazisha. Wewe si uko naye hapo? Unamwangalia?"

Nikasema namwangalia. Hilo halikuwa uongo. Namwangalia kila siku.

Aprili 24

Nane. Mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka hatukusikia wanaohesabu, namshukuru Mungu.

Aprili 27

Toni moja na nusu. Sikusubiri kuambiwa.

Mei 1

Kumi na mbili. Asubuhi hii alishindwa kuniita kutoka ng'ambo ya barabara. Mdomo ulifunguka, mkono ukapunga, sauti haikutoka. Akacheka, akapiga mluzi badala yake.

Mei 4

Kaka ametutangazia jambo wakati wa kifungua kinywa. Uwanjani anataka matarumbeta. Amekwisha kuzungumza na bendi moja ya matarumbeta, wazee wa kazi, watu kumi na wawili wakiongozwa na bwana mmoja ambaye Kaka anamwita Mzee Shaba. Amewapa rekodi ya zamani ya "Mlango wa Chuma" wajifunze kwayo. Watakuja mazoezini siku mbili kabla ya onyesho.

"Ilikuwa iwe siri niwashtue," alisema, "lakini nimeshindwa kuvumilia."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Meneja akasema wazo zuri mno, akainuka kwenda msalani, akakaa huko robo saa.

Tarumbeta halilegezwi, na hawa wanajifunza kwenye rekodi, pale juu tulipokuwa zamani. Wakipuliza kama walivyojifunza, na sisi tuko chini toni moja na nusu, hata kiziwi atainuka kwenye kiti.

Meneja ametoka na jibu. Mwalimu ataandika upya sehemu za matarumbeta, zishuke tulipo sisi, na atampelekea Mzee Shaba kimyakimya. Mwalimu akasema sawa.

Mei 10

Hakuna onyesho. Nimeosha soksi.

Mei 14

Nimekuta taulo lake lina doa. Dogo, la kahawia kwenye kingo. Nimelinusa, nimelitia maji, limekuwa jekundu.

Nilikwenda hadi mlangoni kwake. Nilisimama nikiwa na taulo mkononi na sentensi ya kwanza tayari: "Kaka, nina jambo, nisikilize mpaka mwisho." Ndani nikasikia anaongea na Mama kwa simu, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, anamwambia hii ndiyo ziara bora ya maisha yake. Anamwambia uwanjani atamwekea kiti mbele kabisa.

Nikarudi chumbani. Nimekuwa mwoga kwa miezi miwili, na kila siku woga unadai siku nyingine moja tu. Siku nane zimebaki. Baada ya uwanja nitamburuta kwa daktari hata kwa kumvuta nguo.

Mei 20

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana nikiacha kitu nitakuja kujipendelea.

Mvua imekatika siku tatu sasa. Mazoezi yalikuwa saa nane mchana kwenye ukumbi mtupu jirani na uwanja. Matarumbeta walifika kwa wakati, mashati meupe. Mzee Shaba ni mtu mfupi, mpole, anayefuta chombo chake kama anayemfuta mtoto makamasi. Alinisalimia vizuri na kuniuliza kama nimekula.

Tulianza "Mlango wa Chuma". Ubeti wa kwanza ulipita salama. Kaka akanyoosha mkono kwa matarumbeta, wakaingia.

Sijui niielezeje ile sauti. Ilikuwa kama nyimbo mbili zinapigana ndani ya chumba kimoja. Nyundo aliacha kupiga. Wote wakaacha. Nikamtazama Mwalimu, naye akatazama vitufe vyake. Karatasi alikuwa ameziandika, nilikuja kujua, na alikuwa amezipeleka. Mzee Shaba alizisoma, akalinganisha na rekodi aliyopewa na Radi mwenyewe, akaona Mwalimu amekosea, na kwa heshima akaziweka kando asimwaibishe. Kwa adabu yake, akawafundisha wenzake kama rekodi.

"Tena," Kaka alisema. Wakaingia tena, vibaya vilevile.

"Nyinyi wazee mmelewa?"

"Hapana, mwanangu," alisema Mzee Shaba. "Tumepiga kama ulivyotupa."

"Mmepiga pumba! Miaka kumi na tisa naimba wimbo huu, leo mje mniambie nimeukosea? Mwalimu, nani amekosea hapa?"

Kila mtu alimgeukia Mwalimu. Nilidhani atasema. Ana mvi, ana wajukuu, amefundisha watoto wa watu kusema kweli. Akasema, "Nadhani... matarumbeta."

Kaka akawaambia wafungashe vyombo vyao waondoke. Watu kumi na wawili walianza kufungua makasha yao. Mzee Shaba alikuwa anatafuta kitambaa chake chini ya kiti, hakioni, na kilikuwa begani kwake.

Hapo ndipo niliposema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: "Hawajakosea. Ni mimi. Magitaa yako chini toni moja na nusu. Nimeyalegeza mimi, kidogo kidogo, tangu Machi."

Kaka hakuelewa mara moja. Akacheka. Halafu akalitazama gitaa alilovaa, akazigusa zile nyuzi nene kwa kidole gumba, moja moja, na nikaona anahesabu kichwani. Machi 14. Kumi na tatu. Kumi na nne.

"Nani mwingine?"

Meneja akaanza, "Ndugu yangu, sikiliza..." Kaka akamnyamazisha kwa mkono.

"Kwa hiyo haikurudi."

"Haikurudi, Kaka."

"Na wewe ulikuwa unanitazama nikiwaambia watu wa magazeti..." Hakumaliza. Akalivua gitaa, akanikabidhi taratibu, na huo utaratibu ndio uliniogopesha. "Kaza."

"Tusubiri. Twende kwanza kwa..."

"Kaza! Hiyo si ndiyo kazi yako?"

Nikakaza. Hilo ndilo siwezi kulieleza vizuri. Nilikuwa nimekwisha kumdanganya kwa miezi miwili, sikuona nina haki ya kumkatalia. Nilitoa nyuzi nene, nikaweka nyembamba, nikakaza hadi pale pa zamani, magitaa yote na besi, Mwalimu naye akakirudisha kitufe chake, huku watu ishirini wananitazama mikono. Ilichukua dakika arobaini. Ningeweza kuzitupa nyuzi dirishani. Ningeweza kuketi chini na kukataa. Nilifanya kazi safi kabisa.

Walipiga. Matarumbeta waliingia na mara hii ilikuwa nzuri mno, sijawahi kuusikia wimbo ule ukiwa vile. Akapanda kwenye yowe. Nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, na kwenye nne kitu kikakatika. Haikuwa kupasuka kama ya Machi. Ilikuwa mlio mdogo, mkavu, kisha hewa tupu. Alibaki amefungua mdomo, shingo imetuna, na hakuna kinachotoka. Akaweka mkono mdomoni, akautazama.

Mzee Shaba ndiye aliyemfikia wa kwanza.

Mei 21

Daktari ni yuleyule wa Jumatano ile, maana uwanja uko kwenye mji wake. Alizipekua karatasi zake, akaliona jina la Kaka la Machi 17 limepigwa mstari.

Kilikuwa kinundu kidogo juu ya kamba za sauti, anadhani. Machi kingeisha kwa wiki tatu za kunyamaza, bila kisu. Kimeimbiwa juu yake kwa miezi miwili, kimekua, na jana kimechanika na kuondoka na kipande cha kamba. Upasuaji ni kesho, baada ya hapo siku arobaini bila hata kunong'ona. Kuongea ataongea. Kuimba, haahidi.

"Kwa nini hakuja?" aliniuliza. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa tu.

Nikamwambia. Akavua miwani, akaivaa tena.

Mei 22

Watu elfu ishirini walirudishwa kutoka uwanjani. Meneja alipanda peke yake akawatangazia. Wanasema alizomewa na hakushuka mpaka alipomaliza. Jioni alikuja wodini, akakaa sakafuni kwenye korido kando yangu, viatu mkononi. "Nilijua tunamharibu tangu tuliposhusha mara ya pili," alisema. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, maana nilijua siku hiyohiyo.

Mama amefika. Ananipa kazi tu: leta maji, kunja hili, funga dirisha.

Mei 29

Anaandika kwenye kibao kidogo. Anawaandikia wote: Mama, Nyundo, wauguzi. Alimwandikia Mzee Shaba kuomba radhi, kibao kizima mbele na nyuma. Mwalimu alikuja, akasimama mlangoni, akaenda zake. Mimi nikiingia Kaka anakiweka kibao chini ya mto.

Juni 2

Nimempa daftari hili. Nimeliweka juu ya blanketi nikatoka kabla sijabadilisha mawazo.

Juni 5

Limerudi, liko mlangoni kwangu. Chini ya Machi 13, kwa mwandiko wake mbaya:

*Ningekasirika siku mbili. Labda tatu, ningevunja na kikombe. Halafu Jumatano ningekwenda.*

Nimesoma mara nyingi. Hakuna tusi ndani yake, na ningependa liwepo.

Ukurasa wa nyuma kaongeza: *Sijakusamehe. Njoo kesho, Mama ananipangia hata upande wa kulalia.*

Juni 6

Nimekwenda. Tumecheza karata. Kaiba mara tatu.

Juni 19

Karata. Jua kali. Nyundo amepata kazi na bendi nyingine, kaja kuaga. Kaka kamwandikia: *Usipige kwa nguvu, hakuna cha kuficha huko.* Tulicheka sote, hata Mama, ambaye hakuelewa.

Julai 2

Siku ya arobaini na moja.

Daktari alisema niende na gitaa, Kaka atajaribu kutoa sauti moja tu, ya kuguna, mdomo umefungwa, bila kulazimisha. Asubuhi nikalitoa gitaa kwenye kasha, nikakaa nalo mapajani saa nzima. Sikugusa funguo za kukazia nyuzi.

Ndani walikuwa daktari, Mama na Kaka kwenye kiti kirefu, amenyoa, amevaa shati lake la jukwaani. Shingo imekonda. Nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Gitaa liko pale pa zamani. Sijalilegeza hata kidogo. Nitapiga uzi mmoja, na ndivyo ulivyo."

Akatikisa kichwa kukubali. Nikapiga uzi.

Akafunga macho, akavuta pumzi. Kwanza ilitoka hewa. Akajaribu tena, na safari hii chini ya hewa kulikuwa na kitu, kinatafuta ule uzi, kinaukaribia, hakifiki. Mama aliushika mkono wa daktari bila kujua ni wa nani. Kaka akaacha. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, nikadhani amekata tamaa, na sikuthubutu kusogeza kidole.

Akafumbua macho, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Mei. Sauti yake ilikuwa nene, ya mikwaruzo, ya mtu nisiyemjua bado.

"Shusha kidogo," alisema.